Udogo wa Nchi Si Sababu ya Kutuficha Hesabu: Barua ya Wazi kwa Walioshika Hazina

Waheshimiwa mawaziri wa fedha, magavana wa benki kuu na wabunge wa nchi ndogo,

Salaam. Nawaandikia kwa pamoja, ingawa najua hamkai meza moja, kwa sababu majibu mnayotupa yanafanana kana kwamba yametoka kalamu moja. Tukiuliza habari za deni, tunaambiwa nchi ni ndogo, haina ubavu mbele ya wakopeshaji. Tukiuliza kwa nini mkataba wa bandari au wa uvuvi umefungiwa kabatini, tunaambiwa mwekezaji akiudhika ataondoka, na mdogo hachagui. Tukiuliza ripoti ya mkaguzi iko wapi, tunaambiwa wakaguzi wenyewe ni wachache. Udogo umegeuzwa jibu la kila swali.

Mimi nasema udogo ndio unaowalazimu mtueleze zaidi, na mapema zaidi. Nchi kubwa ikikosea mradi mmoja, hasara humezwa na bajeti. Magazeti yatapiga kelele wiki mbili, kisha maisha yanaendelea. Nchi ya watu laki tatu haina pa kuimezea. Benki moja ikitetereka, zao moja likishuka bei, mkopo mmoja ukiiva kabla ya wakati wake, kila nyumba itajua. Basi kama hasara ni ya wote, taarifa nayo iwe ya wote, tena kabla ya sahihi kutiwa.

Tazameni yaliyoipata Iceland. Mabenki yake matatu makubwa, Kaupthing, Landsbanki na Glitnir, yaliachwa yanenepe hadi mali zake zikawa nyingi mara kadhaa kuliko pato la taifa zima. Oktoba 2008 yote matatu yalianguka ndani ya wiki moja. Januari 2009 watu walijaa mbele ya Bunge pale Reykjavik wakigonga sufuria na vikaango, na kabla mwezi haujaisha serikali ikaondoka. Hayo wengi mnayakumbuka, na nadhani ndiyo mnayoyaogopa. Lakini yaliyofuata ndiyo yenye faida kwenu. Tume maalumu ya uchunguzi iliundwa, na Aprili 2010 ikatoa ripoti ya kurasa zaidi ya 2,000. Waigizaji wa jumba la maonyesho la jiji wakaisoma yote kwa sauti jukwaani, usiku na mchana, wakipokezana mpaka ukurasa wa mwisho, na watu wakaenda kuisikiliza. Nakumbushia jambo hilo kila ninaposikia kiongozi akisema wananchi hawana subira ya kusikia mambo ya uchumi.

Kisha aliyekuwa waziri mkuu, Geir Haarde, alifikishwa mbele ya mahakama maalumu ya mawaziri. Mwaka 2012 aliondolewa hatia katika mashtaka mazito zaidi, akakutwa na kosa moja tu: hakuliitisha baraza la mawaziri kulijadili jambo zito lililokuwa linaikabili nchi. Adhabu hakupewa. Wako waliocheka, wakasema mlima umezaa panya. Mimi sikucheka. Maana ukizifukua shida za nchi nyingi ndogo, chini kabisa utakuta kosa hilohilo: watu wawili au watatu walijua, wakanyamaza, kikao hakikuitwa, muhtasari haukuandikwa, na siku mambo yalipoharibika hakuna karatasi ya kuonyesha nani alishauri nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo linahusu maamuzi kama linavyohusu fedha.

Kuna sehemu ya kisa hicho ambayo ningependa muisome taratibu. Wateja wa Icesave, akaunti za akiba za mtandaoni za benki ya Landsbanki, waliokuwa Uingereza na Uholanzi, walilipwa kwanza na serikali zao, na serikali hizo zikaidai Iceland. Serikali ya Iceland ikakubali masharti. Rais Ólafur Ragnar Grímsson akakataa kuitia saini sheria yake, na Machi 2010 jambo likapelekwa kwenye kura ya maoni. Zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walikataa. Wataalamu walionya kwamba nchi itatengwa. Kilichotokea ni kwamba majadiliano yalifunguliwa upya, na riba iliyokuwa asilimia 5 na ushei ikashuka hadi karibu 3. Wananchi wakaukataa na huo mkataba wa pili Aprili 2011, safari hii kwa asilimia 60 hivi. Januari 2013 mahakama ya EFTA, jumuiya ya biashara huria ya Ulaya ambayo Iceland ni mwanachama, ikaamua kwamba Iceland haikuvunja sheria kwa kutowalipa wateja hao.

Sisemi wananchi hawakosei. Wanakosea, tena mara nyingi, hasa wanapopigishwa kura juu ya jambo ambalo hawakuelezwa. Ninachosema ni kwamba "hapana" ya umma iliwapa wajumbe wa nchi ndogo kitu ambacho hawakuwa nacho walipokwenda mezani mara ya kwanza. Mkopeshaji akibana, mjumbe anaweza kusema kwa ukweli kabisa: haya nikiyarudisha nyumbani yatakataliwa. Mnalalamika hamna ubavu, na huku nguvu yenyewe mmeiacha nje ya mlango, kwa kuwa mazungumzo yote mmeyafanya siri.

Saiprasi walijifunza kwa njia ngumu zaidi. Jumamosi ya tarehe 16 Machi 2013 wananchi waliamka wakakuta imekubaliwa, huko Brussels, kwamba amana zao benki zitakatwa: asilimia 6.75 kwa wenye chini ya euro 100,000, na asilimia 9.9 kwa wenye zaidi. Siku tatu baadaye Bunge lilipiga kura, na mpango ule haukupata hata kura moja ya kuunga mkono: 36 walikataa, 19 hawakuegemea upande wowote. Mpango uliokuja baadaye uliwaacha salama wenye chini ya euro 100,000, na mzigo ukawaangukia wenye amana kubwa katika mabenki mawili yaliyokuwa na matatizo. Mabenki yalibaki yamefungwa hadi tarehe 28. Hivi kweli ilihitajika Jumamosi ile yote ili mtu agundue kwamba si haki kumkata mwenye akiba ndogo? Mtu yeyote mtaani angewaambia hivyo bure.

Sasa mtaniambia: huwezi kuyatangaza mambo ya fedha mapema, watu watakimbilia benki, walanguzi watajaza mifuko. Kweli. Siku ya kushusha thamani ya sarafu haitangazwi wiki moja kabla, na sina ugomvi na gavana anayefunga mdomo siku hiyo. Lakini siri ya siku tatu imekuwa siri ya miaka kumi. Kiasi cha deni si siri ya soko. Dhamana ambazo serikali imeyawekea mashirika ya umma si siri ya soko. Nani anamiliki kampuni iliyopewa msamaha wa kodi, na msamaha huo unaisha lini, si siri ya soko. Hayo yakifichwa, walanguzi hawaponzwi na chochote, kwa sababu wao huwa wameshayajua. Anayebaki gizani ni mlipakodi.

Na msidhani kwamba msipouliza, maoni hayapo. Maoni ya watu juu ya sera ya uchumi husomeka hata pasipo kura. Ushelisheli kwa miaka mingi kabla ya 2008 kiwango rasmi cha rupia kilisema jambo moja na soko la pembeni likasema jingine, na fedha za kigeni zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Yale yalikuwa maoni ya umma, yameandikwa kwa tarakimu. Oktoba 2008 serikali ilishindwa kulipa hati fungani ya dola milioni 230, nchi ikaomba msaada wa Shirika la Fedha Duniani, na Novemba rupia ikaachwa ijitafutie thamani yake. Mficha maradhi kilio humuumbua. Ushelisheli ilijiinua, deni likapunguzwa na wakopeshaji na likaendelea kushuka, jambo la kusifiwa. Lakini dawa ile ingemezwa miaka mitano mapema isingekuwa chungu kiasi kile.

Nije kwenye jambo ambalo naona hamlizungumzi kabisa, nalo ndilo hasa lililonisukuma kuandika. Katika nchi ndogo sote tunajuana. Mnapenda kulitaja hilo kama sifa: serikali iko karibu na watu, waziri unakutana naye msibani, mlango wake uko wazi. Naam, lakini tujuane kweli. Serikali ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote. Anayetoa leseni ya biashara ni jirani. Gazeti linaishi kwa matangazo ya wizara. Mkaguzi wa hesabu ameoa kwa kina waziri, na mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya hesabu alisoma darasa moja na katibu mkuu anayemhoji. Mtumishi akisema hadharani kwamba zabuni fulani ilikuwa na mkono wa mtu, kesho si yeye tu atakayehamishwa. Ndugu yake naye atakosa nafasi ya masomo, na hakuna atakayeandika popote sababu ni nini. Katika nchi ya watu milioni hamsini mtoa taarifa anaweza kuhamia mji mwingine akaanza upya. Kwetu mji mwingine haupo.

Kwa hiyo watu hunong'ona. Akija mtu na karatasi ya maswali kuuliza kama wameridhika na serikali, watajibu wameridhika, maana hata karatasi isiyo na jina, ukishaandika umri, kazi na kijiji, ina jina. Kisha nyinyi mnazichukua takwimu hizo mnaenda nazo bungeni, mnatuambia wananchi wanaunga mkono sera.

Kimya hicho kina mshindo wake. Botswana si nchi iliyoendeshwa ovyo. Almasi yake iliwekewa akiba katika Mfuko wa Pula tangu 1994, na mawaziri wake wana desturi ya kwenda kwenye kgotla, baraza la jadi, kusikia watu wanasema nini. Hata hivyo soko la almasi lilipodorora na vijana wakakosa kazi, chama kilichotawala tangu uhuru wa 1966 kilishindwa katika uchaguzi wa Oktoba 2024 na kubaki na viti vinne tu vya kuchaguliwa bungeni. Rais Masisi alikubali kushindwa hata kabla hesabu haijakamilika, na hiyo ni heshima kwake. Lakini chama hakifiki viti vinne kwa usiku mmoja. Hasira ile ilikuwapo, na waliotakiwa kuisikia hawakuipima kwa uzito wake.

Mtasema basi tuwape watu kila wanachotaka, tugawe fedha, tufute kodi. Hapana, na hapa naomba niwapinge hata baadhi ya wenzangu. Nauru, nchi ya Bahari ya Pasifiki, ilikuwa na fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, kwenye kisiwa chenye kilomita za mraba 21. Baada ya uhuru wa 1968 watu wake walihesabiwa miongoni mwa matajiri wa dunia kwa kila kichwa, na kodi ya mapato hawakutozwa. Fedha za mfuko wao zilijenga jengo la ghorofa 52 Melbourne, zikanunua hoteli, zikaendesha shirika la ndege, na mwaka 1993 zikagharimia mchezo wa muziki jukwaani London uliofungwa baada ya wiki chache. Fosfeti ilipoelekea kwisha, madeni yalibaki. Jengo la Melbourne liliuzwa 2004, na mwishoni mwa 2005 hata ndege moja iliyosalia ilikamatwa kwa deni. Viongozi walikosea, ndiyo, lakini pia hakukuwa na nguvu ya kuwauliza, kwa sababu mtu asiyekatwa kodi huwa mpole sana kwa mtumiaji wa fedha. Kiribati, majirani zao wa bahari ileile, walikuwa na fosfeti pia kisiwani Banaba. Mfuko wao wa akiba ulianzishwa 1956, machimbo yakafungwa 1979, mwaka wa uhuru wao, na mfuko bado upo hadi leo ukiziba mapengo ya bajeti. Bahari moja, madini yaleyale, hesabu tofauti.

Leo wengi wenu mnaishi kwa mapato ya namna hiyohiyo ya Nauru, ila hayachimbwi ardhini: leseni za meli za uvuvi za kigeni, usajili wa meli, pasipoti zinazouzwa. Ni fedha zinazoingia bila kupita mfukoni mwa mwananchi, na kwa hiyo bila macho yake. Komoro walipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi mwaka 2008, pasipoti zikatolewa kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote walioko Kuwait na Falme za Kiarabu, kwa ahadi ya fedha za maendeleo. Uchunguzi wa Bunge ulikuja miaka kumi baadaye, 2018. Novemba 2022 rais wa zamani Ahmed Abdallah Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya pasipoti hizo, na mahakama ambayo hukumu yake haina rufaa. Mwenyewe aliyakana mashtaka. Wapo watakaosema: huo ndio uwajibikaji, mkubwa kafungwa. Mimi naona umechelewa, na umekuja katika sura ya ugomvi wa wakubwa. Mwananchi hakuhitaji mtu afungwe maisha. Alihitaji kila mwaka aambiwe pasipoti ngapi zimetoka, zimeingiza kiasi gani, na fedha zimeingia akaunti ipi. Hesabu hiyo ingetolewa mapema, huenda mahakama isingehitajika kabisa.

Nimeiacha Barbados makusudi mpaka hapa, kwa sababu inajibu hofu yenu kubwa, kwamba mkitueleza ukweli tutakataa kujifunga mkanda. Mwaka 1991 serikali yao ilikata mishahara ya watumishi wa umma kwa asilimia 8. Maelfu waliandamana. Mwaka 1993 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikaa pamoja, wakatia saini makubaliano ya kuzuia mishahara na bei zisipande, ili kuilinda dola yao isishushwe thamani. Wafanyakazi walewale walioandamana waliukubali mzigo, kwa kuwa walikuwa mezani na waliziona hesabu. Miaka ishirini na tano baadaye, 2018, serikali mpya ya Mia Mottley iliwatangazia watu kwamba deni, pamoja na malimbikizo ambayo hayakuwa yakionekana, lilizidi asilimia 150 ya pato la taifa, ikasimamisha malipo kwa wakopeshaji wa kibiashara wa nje, na kamati yenye wawakilishi wa wafanyakazi na waajiri ikapewa kazi ya kufuatilia mpango wa kufufua uchumi na kutoa taarifa zake hadharani. Sidai kila mtu alifurahi. Wako waliopoteza kazi. Lakini nchi haikuwaka moto, na sarafu haikuanguka.

Kwa hiyo ombi letu si kubwa. Wekeni katika sheria kwamba mkopo au dhamana ya serikali ambayo haijawekwa mezani bungeni na kuchapishwa haiifungi nchi. Mkopeshaji atalalamika mwanzoni, kisha atazoea, maana ataijua sheria kabla hajatoa fedha. Ripoti ya mkaguzi ikichelewa, ichapishwe sababu na jina la ofisi iliyochelewesha vitabu. Kama wakaguzi ni wachache, au wana undugu na wanaokaguliwa, azimeni wakaguzi kutoka nchi ndogo nyingine nanyi muwaazime wenu; hiyo ni gharama ya tiketi za ndege chache, na mnazozinunua kwa semina ni nyingi zaidi. Mtumishi atakayetoa taarifa ya wizi alindwe na mtu asiyeteuliwa na waziri wake. Na vikao viandikwe. Hili la vikao narudia kwa makusudi.

Bajeti ijayo mtakapokuja bungeni, tunajua kutakuwa na hotuba ndefu na makofi. Sisi tutafungua kurasa za nyuma kutafuta jedwali moja: kila dhamana ambayo serikali imeitoa, imempa nani, kwa kiasi gani, na inaisha mwaka gani. Likiwapo, tutakaa kuwasikiliza hata mkituambia mambo machungu. Lisipokuwapo, mbunge wa kwanza kusimama baada ya hotuba aulize liko wapi, na Spika asimkatishe.

Wasalaam,

Mlipakodi wa nchi ndogo